Msaada wakuu: kiungio gani cha gurudumu la tano kwa pikapu yangu? Karavani ya pauni 12,000, bodi fupi

#1 Baba Naima (Fort Worth, Texas)

Wakuu habari za majukumu. Naomba mnishauri kabla sijatoa hela.

Mke wangu ni muuguzi wa mikataba, ile ya wiki 13 hospitali hii, wiki 13 hospitali nyingine. Mwaka jana tulihama mara tatu, na kila tulipofika tulipanga nyumba ya muda kwa bei ya kuumiza. Tumekaa tukakubaliana tununue karavani kubwa ya gurudumu la tano, tuishi humo sisi na watoto wawili. Mkataba ukiisha tunafunga, tunaondoka na nyumba yetu.

Kwa ambao hawajaiona: hili si tela la kuning'inia kwenye bampa. Pua ya tela hupanda juu ya bodi ya pikapu, na chini ya hiyo pua kuna pini nene ya chuma, kingpini, inayoingia kwenye sahani iliyofungwa katikati ya bodi. Ni mfumo uleule wa malori ya semi, umepunguzwa ukubwa tu.

Pikapu ninayo tayari: Ram 2500 ya dizeli, milango minne, bodi fupi ya futi 6 na inchi 4. Karavani niliyoipata ni ya mtumba, futi 34, uzito wake wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni ni pauni 12,000. Muuzaji kanihakikishia kwamba pikapu hii itaivuta bila kuhema.

Kilichobaki ni kiungio, yaani hiyo sahani na miguu yake. Nimesoma kuhusu B&W Companion, Andersen, PullRite zinazoteleza, Reese na CURT za kufunga kwenye reli, nimechanganyikiwa. Kuna jamaa ana kimoja cha mtumba anataka dola 400, kimeandikwa pauni 16,000. Vingine vimeandikwa 20,000. Kwa tela la 12,000 naona 16,000 inatosha na chenji inabaki. Niko sahihi? Bajeti yangu ni dola 1,500. Natanguliza shukrani.

#2 Kiberenge (Kansas City)

Mkuu usinunue chochote leo. Shuka nenda kwenye pikapu, fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko cheupe chenye mstari wa njano, kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi pauni kadhaa. Nipe hiyo namba. Halafu niambie familia nzima mna uzito gani, na mbwa kama yupo.

#3 Baba Naima

Kibandiko kinasema 2,117. Familia ni kama 480 wote wanne. Mbwa hatuna.

#4 Kiberenge

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea, na mimi nimevuta matela kwa pikapu miaka sita, mizigo ya haraka ya kibiashara, najua ninachosema.

Tela la bampa huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. La gurudumu la tano huweka asilimia 15 hadi 25. Ndiyo maana linatulia barabarani, haliyumbi upepo ukipiga: sehemu kubwa ya mzigo imekaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu badala ya kuning'inia nyuma yake. Lakini huo utulivu unalipiwa na bodi ya pikapu yako.

Chukua asilimia 20. Tela la 12,000 likijaa litaweka pauni 2,400 kwenye bodi. Usiniletee uzito wa pini ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, ule ni wa karavani tupu, haina maji, haina gesi, haina hata sufuria. Ninyi mtaishi humo. Itajaa.

2,400 ya pini. Ongeza kiungio chenyewe, kile cha chuma ni kama 200. Ongeza familia 480. Jumla 3,080. Kibandiko kinasema 2,117. Umezidisha pauni 963 na bado hujaweka sanduku la spana.

Kuhusu 16,000 na 20,000: hiyo namba inasema chuma cha kiungio kinastahimili nini. Haiongezi kitu kwenye springi, matairi wala ekseli ya gari lako. Ungeweza kufunga kiungio cha 30,000 na kibandiko cha mlangoni kingebaki 2,117. Angalia pia kwamba kila kiungio kina namba mbili, ya tela zima na ya uzito wa pini, na watu husoma ya kwanza tu kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Samahani kwa habari mbaya ndugu yangu. Shida yako haiko kwenye kiungio.

#5 Simba wa Houston

Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi navuta 13,500 kwa 2500 mwaka wa tatu sasa. Nimefunga mifuko ya upepo nyuma, gari linakaa sawa kama meza. 2500 na 3500, kaka yake mkubwa, ni gari moja, injini moja, breki karibu moja. Kile kikomo cha pauni 10,000 kwa 2500 pamoja na mzigo wake wamekiweka kwa ajili ya daraja la usajili tu. Na sijawahi kuona polisi anasimamisha karavani ya familia kuipima.

#6 Kiberenge

Simba kuna ukweli kwenye maneno yako na sitaukana. Kikomo cha pauni 10,000 kwa gari lote kwa kiasi kikubwa ni cha daraja. Na karavani za familia mara nyingi hazipimwi njiani.

Lakini mifuko ya upepo inanyanyua mkia wa gari, basi. Ekseli, rimu, matairi na breki bado vimebeba mzigo uleule, tofauti ni kwamba sasa gari limenyooka na jicho lako halioni tena kwamba limelemewa. Na kwa Ram kuna tofauti ya wazi ukilala chini ukaangalia: tangu 2014 ile 2500 ina springi za koili nyuma, 3500 ina springi za majani. Si gari moja.

Wewe miaka mitatu umefika salama na nakuombea uendelee hivyo. Huyu bwana anataka kuweka nyumba yake na watoto wawili. Siwezi kumwambia azidishe karibu pauni elfu moja halafu nikalala.

#7 Mwana wa Kigamboni (Dar es Salaam)

Nimesoma uzi huu kwa hamu kwa sababu nilianza kama utingo kisha nikaendesha semi, Dar hadi Tunduma, miaka tisa. Huku hiyo sahani tunaipaka grisi kila safari na kingpini ni ya inchi 2, milimita 50. Ya pikapu ni tofauti?

Halafu hizi pauni zinanisumbua. Nimepiga hesabu: tela lenu 12,000 ni kilo 5,443. Pini 2,400 ni kilo 1,089. Kibandiko 2,117 ni kilo 960. Yaani pini peke yake imeshapita uwezo wa gari kabla hata dereva hajakaa! Huku ukifika mzani wa Vigwaza hivyo hivyo hupiti. Wanapima ekseli moja moja, unaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umelalia ekseli moja. Utashusha, utapanga upya, siku imekwisha. Pale ndipo nilipojifunza kwamba jumla peke yake haisemi yote, lazima ujue uzito umekaa wapi.

Na kwa nini la tano? Semi yangu ilikuwa na matairi 22.

#8 Shangazi wa Eldoret (Minnesota)

Mwana wa Kigamboni, jina ni la zamani kuliko malori. Gari la kukokotwa na farasi lilikuwa na magurudumu manne, na juu ya ekseli ya mbele kulikuwa na duara la chuma lililolazwa bapa ili ekseli izunguke gari linapokata kona. Hilo duara ndilo likaitwa gurudumu la tano, na jina likabaki hata farasi walipoondoka. Kingpini ni ileile ya inchi 2. Grisi wengi hawapaki kwa sababu inachafua bodi na nguo, tunavalisha kingpini kisahani cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya vyuma viwili.

Baba Naima, mimi pia ni muuguzi wa mikataba. Mimi na mzee tunaishi kwenye karavani mwaka wa nne, kwa hiyo niruhusu niseme mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia.

La kwanza, anayeishi kwenye karavani si sawa na anayekwenda kambini wikendi. Wa wikendi ana nguo za siku mbili. Sisi tuna mashine ya kufulia, sare za kazi, viatu vya baridi, unga wa miezi, vitabu vya watoto, faili za leseni. Mwaka wa kwanza tulipopima, karavani ilikuwa imebakisha pauni 300 tu kufika kikomo chake. Na makabati ya chumbani yako mbele, juu kabisa ya kingpini, kwa hiyo kila nguo unayotundika inakwenda kwenye bodi ya pikapu. Kwa hiyo hesabu ya Kiberenge si ya kuogopesha, ndivyo ilivyo.

La pili ni bodi fupi. Karavani ina upana wa futi 8 au 8 na nusu. Ukikata kona kali ya kurudi nyuma, kona ya pua inazunguka kuelekea kwenye kioo cha nyuma cha kebini. Kwenye bodi ya futi 8 kuna nafasi. Kwenye futi 6 na nusu, ukifika digrii 90, kona ya karavani inaingia kwenye kioo ulichokaa mbele yake. Ndiyo sababu kuna viungio vinavyoteleza. Vingine unashuka na kuvuta mkono mwenyewe kabla ya kona, PullRite wao wana kinachojirudisha nyuma chenyewe kadiri unavyokata. Reese wana njia nyingine, Sidewinder, hiyo haifungwi kwenye pikapu bali inabadilisha kichwa cha pini cha tela, na mahali pa kuzungukia panasogea nyuma inchi 22. Vyote vinafanya kazi, ila vinagharimu na vinaongeza uzito palepale ambapo huna uzito wa kuchezea. Kuna karavani ambazo pua yake imekatwa kona kwa ajili ya bodi fupi, hizo zinasaidia, lakini usiamini tangazo: pima kutoka katikati ya kiungio hadi kioo, kisha pima kutoka kingpini hadi kona ya pua. Cha pili kikiwa kirefu kuliko cha kwanza, utagonga.

#9 Simba wa Houston

Hilo la kioo Shangazi uko sahihi mia kwa mia. Nina cha kuteleza cha mkono na bado nashuka kila kona.

#10 Baba Naima

Wakuu, nimekaa kimya siku nne kwa sababu tulikuwa na mazungumzo magumu nyumbani. Pikapu hii nimeinunua miezi mitano tu iliyopita, tena niliichagua kwa ajili ya hili hili. Nilimuuliza muuzaji wa magari waziwazi kama itavuta karavani ya familia, akanionyesha karatasi ya uwezo wa kuvuta, namba kubwa kweli. Hakunionyesha kibandiko cha mlangoni. Nami sikujua kama kipo.

Sasa nimeelewa kwamba kuvuta ni kitu kimoja na kubeba ni kingine. Injini inavuta. Nyuma ndiko kunakobeba.

Tumeona njia mbili: tuchukue karavani ndogo, au tubadilishe gari. Nilitafuta karavani ya pauni 8,500. Asilimia 20 ni 1,700, na familia 480, ni 2,180, tayari nimevuka 2,117 bila kiungio. Na watoto hawana mahali pa kulala. Kwa hiyo tunabadilisha gari. Tunapoteza hela, ndiyo, lakini mke wangu alisema jambo lililonimaliza: yeye kazini anapokea watu wa ajali za barabarani, hataki kuwa kwenye gari ambalo mumewe anajua limezidiwa.

Nimeona 3500 ya matairi mawili nyuma, siyo manne, yenye bodi ya futi 8. Kibandiko ni 3,720. Sakafuni kwenye bodi ina matundu ya kiwandani, manne pembeni na moja katikati, yana vifuniko. Hayo ndiyo ya kufungia kiungio?

#11 Bukavu Moja (Des Moines, Iowa)

Ndiyo yenyewe ndugu, na hapo umepata bahati kubwa. Mimi nafanya kazi kwenye karakana ya kufunga viungio, wacha nikueleze kwa namna tunayowaeleza wateja, maana watu hutazama sahani ya juu wakasahau kuuliza imeshikwa na nini huku chini.

Kuna njia tatu za kukamata kiungio kwenye pikapu. Ya zamani ni reli mbili juu ya sakafu ya bodi. Unatoboa sakafu, bolti zinashuka hadi kwenye mabano yaliyofungwa kwenye chesisi. Ni rahisi kwa bei, na viungio vingi vya mtumba ni vya aina hiyo, ikiwemo kile cha dola 400. Lakini reli zinabaki hapo daima na ukipakia mbao zinagonga.

Ya pili ni mpira wa chuma wa guzineki, ile aina ya tela ambayo shingo yake hushuka juu ya mpira. Kuna mpira wa inchi 2 na 5/16 katikati ya bodi, umeshikwa na mhimili mzito chini ya sakafu. B&W, wale wa Humboldt kule Kansas, mpira wao unapinduliwa ukaingia ndani na bodi inabaki bapa. Companion ya kawaida inakaa kwenye tundu hilo hilo la katikati, imekazwa na bolti moja ndefu na nguzo. Ukitaka bodi yako, unakitoa chote.

Ya tatu ni hiyo yako, matundu ya kiwandani. Kiungio kina miguu minne, inaingia, unazungusha mikono, inakamata. Ram walianza kuitoa mwaka wa modeli 2013, Ford walitangulia kidogo, GM (wenye Chevrolet na GMC) wakafuata. Hakuna kutoboa. Ila matundu ya Ram, Ford na GM hayafanani, kwa hiyo ukinunua cha mtumba uliza kimetoka kwenye gari la nani. Kila mwezi tunapata mtu aliyenunua cha Ford akaja nacho na Ram.

Kisha angalia taya. Hapa ndipo mimi ningeweka hela. Kuna aina ambayo chuma kimoja kinateleza nyuma ya kingpini na kuifunga, kama komeo la mlango. Inashika, ila inaacha nafasi kidogo, na kila ukikanyaga breki au kuondoka unasikia kingpini inagonga, tak. Kuna aina ya taya mbili zinazokumbatia kingpini pande zote. Hiyo inakaa kimya. Kwa mtu wa wikendi, ya kwanza inatosha. Kwa mtu atakayevuka majimbo na watoto, chukua ya taya mbili.

Na sahani iwe inainama pande zote nne. Zile za kuinama mbele na nyuma tu, ukijaribu kuunganisha kwenye uwanja ulioinama upande, utatoa jasho.

#12 Baba Naima

Asante sana Bukavu Moja, hii nimeichapisha kwenye karatasi. Vipi Andersen? Nimeona ina uzito wa pauni 35 tu. Mke wangu anaweza kuitoa mwenyewe.

#13 Bukavu Moja

Andersen ni alumini na haina taya kabisa. Unaivalisha kingpini kikombe, unakaza bolti, na hicho kikombe kinashuka juu ya mpira uliosimama kwenye bodi. Wepesi wake ni kweli, wateja wangu wenye migongo mibovu wanaipenda, na haigongi.

Mambo mawili uyajue. Kikombe kikishawekwa, kingpini si kingpini tena, mtu mwenye sahani ya kawaida hawezi kukusaidia kulivuta tela lako ukiharibikiwa hadi ukifungue. Na soma dhamana ya fremu ya karavani yako kabla ya kubadilisha chochote kwenye pini. Watengenezaji wengi wa fremu hawakubali zile adapta ndefu zinazofungwa kwenye kingpini ili ikae juu ya mpira wa guzineki, kwa sababu zinashusha mahali pa kuvutia na kuongeza nguvu ya kukunja fremu kule mbele. Andersen si adapta ndefu ya namna hiyo, lakini uliza kwa maandishi.

Kwa gari lenye 3,720 na bodi ndefu, huhitaji kubana pauni 150. Mimi ningechukua cha matundu, taya mbili, cha kusimama, kisichoteleza.

#14 Shangazi wa Eldoret

Naunga mkono. Na kabla hujaunganisha mara ya kwanza, nisikilize.

Mwaka wa pili, Amarillo, mvua, tumechelewa, zamu yangu inaanza kesho yake asubuhi jimbo lingine. Mzee alirudisha pikapu, nikasikia mlio wa kufunga, mkono ukarudi mahali pake. Nikapandisha miguu ya tela. Alipoondoka tu, karavani ikadondoka juu ya kingo za bodi. Kingpini haikuwa imeingia ndani ya taya. Ilikuwa imekaa juu yake, kwa sababu niliacha pua juu mno. Kingo zote mbili zilikunjika, mlango wa nyuma wa bodi ukaisha. Kosa lilikuwa langu. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amesimama karibu.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi, hata kama nyumba inaungua. Pua ya tela inakuwa chini kidogo kuliko sahani, ili pikapu inaporudi sahani iinyanyue kidogo, usione mwanga wowote kati ya vyuma viwili. Baada ya kufunga, nashuka na tochi na kuangalia kwa macho taya zimeshika shingo ya kingpini. Kisha, miguu ya tela ikiwa bado inagusa ardhi, mzee anashika breki za tela kwa mkono kwenye kontrola, anaweka gia ya mbele na kuvuta polepole. Gari likikataa kwenda, tumeunganika. Ndipo miguu inapanda.

Mlango wa nyuma wa bodi, usisahau kuushusha kabla. Na kuufunga baadaye.

#15 Bukavu Moja

Ongeza hili: ile kamba ya chuma ya dharura, inayowasha breki za tela likichomoka, ifunge kwenye gari lenyewe. Usiifunge kwenye kiungio. Kiungio kikichomoka na tela, kamba itaondoka nacho na breki hazitashika kitu. Naiona imefungwa vibaya karibu kila wiki na inaniumiza moyo.

#16 Mwana wa Kigamboni

Huo mtihani wa kuvuta tuliufanya kila siku. Tajiri wangu wa kwanza alikuwa hakuruhusu utoke yadi bila yeye kuona kwa macho yake kichwa kikigoma. Furaha kuona wauguzi wanaufanya pia.

#17 Baba Naima (wiki sita baadaye)

Wakuu narudi na majibu kama nilivyoahidi.

Tumechukua 3500. Kiungio ni Companion ya matundu ya Ram, kipya. Kimevuka bajeti yangu kidogo, nimekubali. Bukavu Moja, kinagawanyika vipande viwili, naweza kukitoa mwenyewe. Tulirekebisha urefu wa sahani mara mbili. Mara ya kwanza pua ilikuwa juu, tela limeinamia nyuma na ekseli yake ya nyuma ikawa inabeba zaidi. Tukashusha tundu moja. Sasa limelala sawa na kati ya kingo za bodi na tumbo la karavani kuna zaidi ya inchi 6, linaweza kuyumba kwenye mashimo bila kugusa.

Jumapili tulikwenda kwenye mzani wa CAT kituo cha malori, kama Kiberenge alivyonielekeza faraghani. Mara ya kwanza tukiwa tumeunganika, mara ya pili pikapu peke yake, familia nzima ndani zote mbili, tangi la mafuta limejaa.

Pikapu peke yake na sisi, kiungio na sanduku la vifaa: mbele 5,060, nyuma 3,640, jumla 8,700.

Tukiwa na karavani: mbele 5,040, nyuma 5,880, jumla 10,920. Ekseli za karavani 8,980.

Kwa hiyo pini ni 2,220. Karavani yote ni 11,200, na pini ni karibu asilimia 20, Kiberenge, kama ulivyosema bila hata kuiona. Kikomo cha gari ni 11,700, nimebakiza 780. Matairi ya nyuma yameandikwa 3,638 kila moja, yaani 7,276 kwa yote mawili, nami nimeweka 5,880.

Nilipopata hiyo karatasi nilikaa kwenye gari dakika kadhaa. Kama ningebaki na 2500 na hiyo pini 2,220, ningekuwa natembea na familia yangu kwenye gari lililozidiwa na nisingejua.

#18 Kiberenge

Hizo ni namba nzuri sana mkuu. Angalia kwamba mbele umepoteza pauni 20 tu, maana yake kiungio kimekaa mahali pake, karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Kikiwa mbali nyuma ya ekseli, uzito wa mbele hupungua sana na usukani unakuwa mwepesi, hatari.

Ukihama tena na vitu vikiongezeka, pima tena. Bolti za kiungio zikaze upya baada ya safari ya kwanza, kwa spana ya kipimo, siyo kwa nguvu za mkono. Na matairi ya karavani angalia mwaka wa kutengenezwa, namba nne za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Karavani za mtumba mara nyingi zina matairi yenye kashata nzuri lakini mpira umezeeka.

#19 Baba Naima

Nimetoka kuangalia. 2217. Wiki ya 22, 2017. Nabadilisha yote manne kabla ya kuondoka.

Mkataba mpya unaanza Albuquerque tarehe 3. Shangazi, tutapita Amarillo, na nitashuka na tochi.